Anayestaafu na Kiti Anachokiacha: Jinsi Viziwi Walivyowaenzi Watetezi Wao

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuhudhuria, au angalau kusimuliwa, sherehe ya kumuaga mkuu wa chuo anayestaafu. Hema hupambwa, wasifu husomwa kwa sauti, walioajiriwa naye hulengwalengwa na machozi, na hapa kwetu Rwanda aliyependwa kwelikweli huahidiwa ng'ombe. Hayo yote ni mema. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni jembamba zaidi: mkuu wa chuo aliyeitumia kazi yake kuwatetea viziwi anapoondoka, viziwi wenyewe humuenzi kwa kitu gani? Kwao hotuba isiyo na mkalimani ni midomo inayochezacheza tu.

Historia imetuachia mifano miwili mikubwa, wa mwaka 1910 na wa mwaka 2006. Yote miwili inatoka katika chuo kimoja, Gallaudet, jijini Washington, Marekani, ambacho kimejengwa mahsusi kwa ajili ya viziwi. Utasema Washington ni mbali na Kicukiro. Subiri kidogo: kati ya mifano hiyo miwili yupo mhitimu mmoja wa chuo hicho ambaye safari yake iliishia katika ardhi ya Rwanda.

Kabla sijaendelea, niruhusu neno moja la kimsamiati, kwa kuwa kazi yangu ni lugha. Kiswahili humwita asiyesikia kiziwi, na neno hilo limewekwa katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya kiti, kisu na kikapu, pamoja na kipofu na kiwete. Kinyarwanda kimefanya vivyo hivyo: igipfamatwi, yaani aliyekufa masikio, na ikiragi, yaani bubu, yote mawili yamo katika ngeli ya vitu. Siku hizi maneno hayo ya Kinyarwanda yanahesabiwa kuwa ya kudhalilisha, na lugha rasmi husema abafite ubumuga bwo kutumva no kutavuga. Katika Kiswahili mambo yamekwenda kwa njia nyingine: wahusika wenyewe wamelishika neno na kulifanya lao, ndiyo maana majirani zetu wana Chama cha Viziwi Tanzania. Nami nitasema viziwi, nikiupatanisha upatanisho wa watu: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Sarufi, angalau hapo, inawatambua kuwa ni watu.

Tuanze na mzee wa 1910. Edward Miner Gallaudet alizaliwa mwaka 1837. Baba yake, Thomas Hopkins Gallaudet, ndiye aliyeanzisha mwaka 1817, pamoja na mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa aitwaye Laurent Clerc, shule ya viziwi ya Hartford. Mama yake, Sophia Fowler, alikuwa kiziwi. Kwa hiyo lugha ya alama kwa Edward haikuwa somo la chuoni. Aliipata akiwa mtoto, kutoka mikononi mwa mama. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 20 tu, tajiri mmoja wa Washington, Amos Kendall, alimkabidhi uongozi wa shule ndogo ya watoto viziwi na vipofu. Kijana huyo hakuridhika na shule ya msingi. Alilisumbua Bunge la nchi yake mpaka, tarehe 8 Aprili 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria ya kukiruhusu chuo hicho kutoa shahada. Kwa muda mrefu baada ya hapo hapakuwa na pengine duniani ambapo kiziwi angeweza kusoma chuo kikuu kwa lugha anayoielewa.

Utetezi wake ulipimwa mwaka 1880. Mwaka huo walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milano, Italia, karibu wote wakiwa ni watu wanaosikia. Waliazimia kwamba lugha ya alama iondolewe madarasani na kila mtoto kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo. Gallaudet alikuwa miongoni mwa wajumbe wachache waliopinga, wakashindwa vibaya. Matokeo ya kura hiyo yalidumu karibu karne nzima: katika shule nyingi za Ulaya na kwingineko watoto walikatazwa kutumia alama, na walimu viziwi walipoteza kazi. Iliwachukua waandaaji wa makongamano hayo hayo miaka 130, mpaka Vancouver mwaka 2010, kutamka rasmi kwamba wanajutia lililotendeka Milano.

Sasa angalia alivyoagwa. Alistaafu mwaka 1910, baada ya miaka 53 ya uongozi. Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani, chini ya George Veditz, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, kilikuwa kimeanza kuchangisha fedha, dola 5,000, kwa ajili ya teknolojia iliyokuwa changa mno: picha zinazotembea. Waliogopa kwamba baada ya Milano kizazi cha wazungumzaji mahiri wa lugha ya alama kingekufa bila warithi, nao wakaamua kuinasa mikono yao katika filamu. Miongoni mwa waliotangulia kurekodiwa, mwaka huo huo wa 1910, alikuwa mzee Gallaudet. Anaonekana akisimulia kisa cha nchi ya Lorna Doone huko Devonshire, Uingereza. Hakuna siasa ndani yake wala maelezo juu ya maisha yake. Ni mzee anasimulia tu.

Nionavyo mimi, hiyo ni mojawapo ya zawadi za kustaafu zenye akili zaidi zilizowahi kutolewa. Viziwi hawakumchongea sanamu wakati huo (sanamu yake ilikuja baadaye sana). Walikiokoa kile alichokitetea, wakamwomba yeye akitumie mbele ya kamera ili watoto ambao hawajazaliwa wakione. Ukitaka kujua thamani ya jambo hilo, jiulize: tungekuwa wapi sisi walimu wa Kiswahili kama hapangekuwa na mtu aliyeziandika tenzi, na waliozijua kwa moyo wangezikwa nazo?

Hata hivyo, msomaji, kumuenzi mtu si kufumba macho. Gallaudet alianzisha mwaka 1891 idara ya kuwafundisha walimu wa viziwi, na viziwi hawakuruhusiwa kujiunga nayo. Aliwatetea wawe wanafunzi. Kuwa walimu kupitia mlango ule lilikuwa jambo jingine. Baya zaidi, mwaka 1905, yeye akiwa bado kiongozi, watoto weusi viziwi waliokuwa wakisoma katika shule iliyo ndani ya eneo la chuo waliondolewa na kupelekwa shule ya watoto weusi huko Baltimore. Walirudishwa baada ya mzazi mmoja mweusi, Louise Miller, kwenda mahakamani, na hata hapo, mwaka 1952, walitengewa jengo lao. Mambo haya mara nyingi hayamo katika wasifu unaosomwa hemani.

Mlango huo uliofungwa ndio unaotuleta Rwanda. Andrew Foster alizaliwa Alabama mwaka 1925, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu. Alisoma katika shule iliyotengewa weusi, akafanya kazi viwandani kaskazini, akamaliza masomo ya sekondari kwa njia ya posta, na baada ya kukataliwa kwa sababu ya rangi yake, alipokelewa Gallaudet mwaka 1951. Mwaka 1954 alihitimu. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo, miaka 90 baada ya saini ya Lincoln.

Foster angeweza kubaki Marekani akale matunda ya jasho lake. Mwaka 1957 alifika Ghana na kufungua shule ya viziwi jijini Accra. Alikokwenda aliambiwa kwamba Afrika haina watoto viziwi. Alipowatafuta aliwakuta wamefichwa majumbani. Kwa miaka 30 alizunguka bara hili, na anatajwa kuwa alianzisha shule 31 katika nchi 13, zikiwamo jirani zetu Burundi na Kongo, ambayo enzi hizo iliitwa Zaire. Huko Ibadan, Nigeria, aliendesha mafunzo ya walimu, na waliofunzwa walikuwa viziwi wa Kiafrika walioandaliwa kuziongoza shule hizo. Hapo ndipo ninapomwona amempita mzee Gallaudet: alichokosa mzee mwaka 1891, yaani kumwamini kiziwi awe mwalimu wa kiziwi mwenzake, Foster alikifanya msingi wa kazi yake yote. Chuo chake kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1970, na mwaka 2004 kikaupa ukumbi wake jina lake.

Naye ana upande wake wa kuhojiwa. Alama alizozileta zilikuwa za Kimarekani, zikasambaa Afrika Magharibi na ya Kati, na mahali pengine zikazifunika alama ambazo viziwi wa mahali hapo walikuwa wamejitungia. Ndiyo maana kazi ya wanaisimu waliofuata ni muhimu, kama marehemu Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekuwa nguzo ya mradi wa utafiti wa lugha ya alama ya Kenya ulioanza mwaka 1991. Waliionyesha dunia kwamba lugha ya alama ya Kenya si Kiingereza cha mikono, bali ni lugha kamili yenye sarufi yake.

Foster hakustaafu. Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo aliyokuwa akisafiria ilianguka nchini Rwanda, naye akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 62. Miaka mitano baadaye, mwaka 1992, Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 3 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa ajili yake, zimegongana tu. Lakini mwaka huu siku hiyo itakapoadhimishwa katika wilaya yetu, wewe uliyesoma hapa utajua kwamba katika nchi hii ni siku ya kumbukumbu mara mbili.

Miezi mitatu tu baada ya kifo chake, Gallaudet ikawaka moto. Tangu 1864 chuo cha viziwi kilikuwa hakijapata hata mara moja mkuu aliye kiziwi. Tarehe 6 Machi 1988 bodi ilipomchagua tena mtu anayesikia, Elisabeth Zinser, kati ya wagombea watatu ambao wawili walikuwa viziwi, wanafunzi walifunga malango ya chuo. Walidai mambo manne: mkuu wa chuo awe kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, wajumbe wengi wa bodi wawe viziwi, na asiadhibiwe yeyote. Katika wiki moja walishinda yote. Tarehe 13 Machi, I. King Jordan alitangazwa kuwa mkuu wa kwanza kiziwi.

Jordan alizaliwa akisikia. Alipoteza usikivu akiwa na miaka 21 kwa ajali ya pikipiki. Katikati ya wiki ile ya maandamano, alipokuwa mkuu wa kitivo, kwanza alitangaza kumuunga mkono Zinser, kisha kesho yake akageuka na kusimama na wanafunzi. Sitaji hilo kumdhalilisha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha nani alimkalisha kwenye kiti. Akiisha kukaa, alikitumikia kiti kile kwa miaka 18, akawa sauti kubwa ya kuitetea sheria ya haki za wenye ulemavu iliyotiwa saini mwaka 1990, na sura yake ikawa ushahidi kwamba kiziwi anaweza kuongoza chuo kikuu.

Ungetarajia basi kwamba kustaafu kwake mwishoni mwa 2006 kungekuwa sherehe tupu. Haikuwa hivyo. Bodi ilipomteua mrithi wake, Jane Fernandes, ambaye pia alikuwa kiziwi, wanafunzi na walimu wengi walilalamika kwamba mchakato haukuwa wa haki na kwamba Jordan alikuwa akimbeba. Malango yakafungwa tena. Tarehe 13 Oktoba 2006 polisi waliwakamata waandamanaji zaidi ya 100, na aliyeamuru lango lifunguliwe alikuwa Jordan mwenyewe, yule yule aliyeingia madarakani kwa malango kufungwa. Kabla mwezi huo haujaisha, bodi iliufuta uteuzi. Jordan aliondoka huku baadhi ya waliomshangilia mwaka 1988 wakiwa wamemgeuzia kisogo.

Wapo wanaosoma mkasa huo kama utovu wa shukrani. Mimi naona kinyume chake. Viziwi wale walikuwa wamejifunza kutoka kwake, na kutoka kwa 1988, kwamba kiti ni chao. Kwa hiyo walikigombania hata mbele ya shujaa wao. Tangu hapo wakuu wote waliofuata, Robert Davila, Alan Hurwitz na Roberta Cordano, wamekuwa viziwi, na hilo halishangazi tena mtu yeyote. Unajua mpango wetu wa Girinka: familia ikipewa ng'ombe hutakiwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza, na tendo hilo huitwa kwitura. Ng'ombe wa Jordan alizaa ndama asiyemtarajia, wala hakumpenda alipomwona.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kicukiro hatuna uhaba wa wakuu wa vyuo wa kuwaaga: tuna koleji ya biashara na uchumi ya Chuo Kikuu cha Rwanda pale Gikondo, tuna IPRC Kigali, tuna na vyuo binafsi. Ukiwa mwanafunzi, mhadhiri au mzazi, umo katika hadhira ya hema lile. Hapo ndipo somo la uraia linapoanza. Sifa ya kwamba kiongozi aliwajali wenye ulemavu ni rahisi kuandikwa. Unapoisikia, tazama kama mkalimani yupo jukwaani wakati inaposomwa. Uliza ni viziwi wangapi walidahiliwa, na katika hao ni wangapi walihitimu, maana kudahili bila ukalimani ni kumkaribisha mgeni na kumnyima kiti. Uliza kama yupo kiziwi hata mmoja aliyeajiriwa kufundisha. Si swali la hisani: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 2008, katika ibara yake ya 24 unazitaka nchi kurahisisha ujifunzaji wa lugha ya alama na kuajiri walimu wanaoimudu, wakiwamo wenye ulemavu wenyewe. Maswali hayo hayo yanafaa kuulizwa mkutanoni baada ya umuganda, pale jirani yetu kiziwi anapolima na kufagia pamoja nasi asubuhi, kisha akakaa bila kuambulia lolote katika mazungumzo ya mwisho ambayo ndiyo yanayoamua mambo ya kijiji.

Viziwi wa Rwanda hawakungoja kuulizwa. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1989, miaka miwili baada ya kifo cha Foster, na kwa miaka mingi kimekuwa kikikusanya alama za nchi hii katika kamusi na kudai kwamba lugha hiyo, ururimi rw'amarenga, itambuliwe rasmi. Kazi yao ya kamusi ni ndugu wa damu wa filamu za 1910. Majirani wametutangulia kwa upande wa sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliweka ukuzaji wa lugha ya alama miongoni mwa malengo ya taifa, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza.

Kwetu, ibara ya 8 ya Katiba inasema lugha ya taifa ni Kinyarwanda, na lugha rasmi ni Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha ya alama haimo. Lakini ibara hiyo hiyo inaruhusu lugha rasmi kuongezwa au kupunguzwa kwa itegeko ngenga, bila kulazimika kuibadili Katiba yenyewe. Ndiyo njia iliyotumika mwaka 2017 kukiingiza Kiswahili, wakati wengi wakiuliza ni Wanyarwanda wangapi hasa wanaokizungumza, na kwa nini tuhangaike. Sisi tunaokila mkate kwa Kiswahili tulinufaika na jibu lililotolewa siku ile, na kifungu kilichotufungulia mlango bado kipo palepale.